Sarafu ya silva ikilika, uzito unashuka: pima kwanza ndipo uposti bei

Kuna swali linarudi sana inboksi, linakuja kwa maneno tofauti ila ni lile lile: "Nina rupia ya Mjerumani, mtandaoni wanasema inatakiwa iwe gramu 11.66, mizani yangu inasoma 11.38. Ni feki?" Mwingine anakuja na upande wa pili wa shida hiyo hiyo: ameuza sarafu ishirini kwa hesabu ya uzito alioukuta mtandaoni, mteja amepokea mzigo, amepima, sasa anadai arudishiwe hela kwa sababu gramu hazikutimia.

Wote wawili wamekutana na kitu kimoja. Sarafu ikitumika inalika, na ikilika inapungua uzito. Ule uzito unaousoma mtandaoni ni wa sarafu siku inatoka kiwandani. Mimi nauita uzito wa kuzaliwa nao. Sarafu uliyoshika wewe imeshaishi, imeshazeeka, na haina tena uzito ule. Ukiuza bila kujua imepungua kiasi gani, utapoteza hela au utapoteza mteja. Na pia hutajua kutofautisha iliyochakaa na iliyoghushiwa, na hapo ndipo watu wengi wanapopigwa.

Silva ni metali laini. Ndiyo maana viwanda vinaichanganya na shaba kidogo ili iwe ngumu kidogo. Hata hivyo, kila inapopita mkononi, ikagongana na zenzake kwenye mfuko, ikaburuzwa juu ya meza ya duka, inaacha unga mdogo sana ambao kwa macho huuoni. Siku moja si kitu. Miaka thelathini ni kitu. Na rupia za huku kwetu zilitembea kweli. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890, serikali yao ikaja kutoa za kwake kuanzia 1904, halafu Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921 na rupia zikaanza kutoka mikononi mwa watu. Piga hesabu: rupia ya 1890 inaweza kuwa imezunguka miaka thelathini kabla mtu hajaificha kwenye chungu. Ya 1911 imezunguka kama kumi tu. Ukiziweka kwenye mizani moja usitegemee zisome sawa, hata kama zote ni halali kabisa.

Sasa tuje kwenye namba. Rupia ya Mjerumani ilifuata rupia ya India, kwa hiyo zote mbili uzito wa kuzaliwa ni gramu 11.66, na silva ndani yake ni 917 kwa kila 1000. Maana yake silva tupu ni kama gramu 10.69, iliyobaki ni shaba. Uzito huo haukutoka hewani, ni tola moja, kile kipimo ambacho masonara wa Kihindi wamekitumia miaka yote. Wenzetu wa pwani nao walikuwa na wakia, iliyokuwa sawa na uzito wa ile reale kubwa ya Maria Theresa, gramu 28 na kidogo. Yaani zamani sarafu yenyewe ilikuwa ndiyo jiwe la mizani. Ukitumia jiwe lililolika kununulia, unampunja anayekuuzia au unajipunja mwenyewe, inategemea uko upande gani wa meza. Kwa hiyo hii habari ya sarafu kupungua haikuanza na sisi wa WhatsApp.

Hata sheria iliijua. Sheria ya sarafu ya India wakati ule iliweka mpaka: rupia ikipungua kwa kulika zaidi ya asilimia 2, haikuwa lazima tena mtu aipokee kama hela halali. Asilimia 2 ya 11.66 ni gramu 0.23, kwa hiyo mpaka ulikuwa kwenye 11.43 hivi. Ile ya mdau wetu yenye 11.38 imepungua gramu 0.28, sawa na asilimia 2.4. Imepita mpaka kidogo, lakini kwa sarafu iliyofanya kazi miaka mingi hakuna cha kushangaza. Kwa uzito peke yake siwezi kuiita feki. Nataka kwanza niione sura.

Hapa ndipo penye kiini cha somo la leo, kwa hiyo tulia hapa. Sura na mizani lazima visimulie habari moja.

Chukua ile ya Kampuni, ile yenye Kaiza Wilhelm amevaa kofia ya chuma yenye tai juu, na nyuma simba na mnazi. Kinacholika kwanza ni sehemu zilizoinuka: yule tai wa kwenye kofia, shavu, masharubu, na kwa upande wa pili manyoya ya simba. Sehemu za chini, kama zile zilizo katikati ya herufi, zinachelewa kulika kwa sababu hazigusi kitu. Ukikuta tai amebaki kivuli tu, shavu limekuwa laini kama sabuni iliyotumika, na mizani inasoma 11.3 au 11.4, hapo mambo yanakubaliana. Imelika, na uzito umeshuka kwa sababu hiyo.

Ila ukikuta tai bado ana manyoya, masharubu yanahesabika, herufi zimesimama, halafu mizani inasoma 10.9? Simama hapo. Huo uzito umekwenda wapi wakati hakuna kilicholika? Sarafu yenye sura mpya na uzito wa mzee ni ya kutiliwa shaka mara moja. Na kinyume chake pia: imelika mpaka huoni mwaka, lakini inasoma 11.66 kamili au zaidi. Kulika hakuongezi uzito. Hapo ujue ama ina uchafu mwingi umeganda, ama mtu amechukua sarafu iliyochakaa akatengenezea umbo na kumimina metali nyingine, sura ya uzee ikatoka na uzito haukuchunga. Tofauti ndogo ya 0.02 au 0.03 achana nayo, hata kiwandani hazikutoka sawa kwa nywele.

Mizani gani? Ile ya jikoni ya kupimia unga haifai hata kidogo, inaruka gramu nzima. Unataka ile ndogo ya kidijitali inayosoma hadi 0.01, ile ile wanayopimia dhahabu. Sisi wa Mara kwenye hilo hatuna kisingizio, kuanzia Nyamongo mpaka Mugumu mizani hizo zipo na mafundi wake wapo. Ihakiki kwanza na lile jiwe lake, iweke mahali pasipo na feni wala upepo, na pima kila sarafu peke yake. Ukipima kumi kwa pamoja ukagawa kwa kumi, feki moja inajificha humo ndani na huioni.

Kitu kingine watu hawakijui: sarafu ndogo zinaumia zaidi kuliko kubwa. Tuchukulie kwa mfano rupia nzima na robo rupia zote zimepoteza gramu 0.10. Kwa rupia nzima hiyo haifiki hata asilimia 1. Kwa robo rupia, ambayo uzito wake wa kuzaliwa ni 2.92 tu, ni zaidi ya asilimia 3. Na chenji ndogo ndiyo inayobadilisha mikono kila siku, sokoni, dukani, kwa muuza maziwa. Ile kubwa watu wanaiweka. Kwa hiyo fungu la robo na nusu rupia usilipigie hesabu kwa uzito wa vitabu hata siku moja, utalia.

Kama sura na mizani bado vinakuacha njia panda, kuna kipimo cha maji, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kulika kunapunguza uzito, lakini hakubadilishi metali iliyobaki. Kwa hiyo uzito ukigawanya kwa nafasi ambayo sarafu inachukua, jibu linabaki lile lile hata kama sarafu imechakaa vipi. Fanya hivi: pima sarafu kavu, andika. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, rudisha isome sifuri. Funga sarafu na uzi mwembamba, ishushe izame yote ila isiguse chini wala pembeni, na isiwe na mapovu ya hewa. Mizani itasoma namba ndogo. Gawanya uzito mkavu kwa hiyo namba.

Rupia yetu ya 11.38 ikiwa ni silva ya kweli, ndani ya maji mizani itasoma kama 1.10, na ukigawanya unapata 10.3 hivi. Ikiwa ni shaba au shaba iliyochanganywa na nikeli halafu ikapakwa rangi ya silva, itasoma karibu 1.28, jibu linakuwa 8.9. Tofauti inaonekana wazi. Reale ya Maria Theresa inatakiwa ikupe kama 10.2, kwa sababu silva yake ni 833 kwa 1000 tu. Rudia mara tatu, mkono ukitikisika namba inadanganya.

Kwa hiyo reale niongeze maneno mawili, maana inauzwa sana Zanzibar na kwa ndugu zetu walioko Oman. Imeandikwa mwaka 1780 yote, hata iliyotengenezwa karne ya ishirini, kwa hiyo usimwambie mteja ina umri wa miaka mia mbili na arobaini. Uzito wa kuzaliwa ni 28.07. Wafanyabiashara wa Uhabeshi na Uarabuni walikuwa wakiikagua lulu za kwenye bruchi ya begani kwa yule malkia, zikiwa zimefutika wanaikataa. Watu hao hawakuwa na mizani ya betri, lakini walijua sura iliyofutika ina maana gani kwenye uzito. Pembeni yake kuna maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Tafuta hayo maneno. Ukingo ukiwa laini tupu na uzito umeshuka sana, usiseme imelika, huenda imepigwa tupa.

Maana kulika na kukatwa ni vitu viwili. Zamani watu walikuwa wanakwangua ukingo wa sarafu, wanakusanya unga, wanauza. Uingereza ilifika mahali mwaka 1696 serikali ikaamua kuzikusanya sarafu za zamani za silva na kuzitengeneza upya, kwa sababu nyingi zilikuwa zimebaki na kama nusu ya uzito. Ile mistari midogo kama meno unayoiona pembeni ya rupia inasaidia kuonyesha wizi huo. Zungusha sarafu polepole kwenye mwanga. Meno yakiwa yamefifia kidogo pande zote ni kulika. Yakiwa yamekatika upande mmoja, mtu amepita hapo.

Halafu kuna sarafu yenye kitanzi au tundu, zile zilizovaliwa kama mkufu. Tundu limeondoa silva, kitanzi kimeongeza metali nyingine, risasi ya kulehemu nayo imo. Uzito wa hiyo haukuambii kitu kuhusu kulika. Iuze kama pambo na useme hivyo.

Sasa mtego mkubwa wa huku kwetu, na hapa mizani haitakusaidia: shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima. Watu wanaposti "shilingi ya silva ya mkoloni" kwa bei ya rupia. Jamani. Ya kuanzia 1921 mpaka 1946 ina silva robo tu, 250 kwa 1000. Uzito wake ni 7.78, silva tupu haifiki gramu 2. Kuanzia 1948 hakuna silva kabisa, ni shaba na nikeli, na uzito ukabaki ule ule 7.78! Mizani inasoma sawa kwa zote mbili. Hata sumaku haizivuti zote. Kipimo cha maji nacho hapa kinayumba, moja inatoa 9.3 na nyingine 8.9, na kwa sarafu ndogo hivyo kosa dogo la mkono linazichanganya. Hapa kinachoamua ni mwaka ulioandikwa. Ukiwa umelika mwaka hausomeki, iuze kama isiyo na silva ili usigombane na mtu. Rupia za India nazo ni hivyo hivyo: za Victoria, Edward na George wa Tano ni silva ya 917, lakini za kuanzia 1940 ziliporomoka zikawa nusu, 500 kwa 1000, na uzito haukubadilika.

Tuweke hela mezani. Bei ya silva inapanda na kushuka, itafute siku unayouza. Mimi hapa nachukua shilingi 3,000 kwa gramu ili hesabu iwe rahisi tu, usiitumie kama bei. Una rupia 20. Kwa uzito wa vitabu ni 20 mara 10.69, silva tupu gramu 213.8, sawa na 641,400. Umepima kweli, wastani umetoka 11.30. Zidisha kwa 0.917 unapata 10.36 kwa kila moja, jumla 207.2, sawa na 621,600. Tofauti ni karibu elfu ishirini. Kama wewe ndiye mnunuzi na umemlipa mzee wa watu kwa hesabu ya vitabu, hiyo elfu ishirini imetoka kwenye faida yako, na sonara wa Mwanza hatakuhurumia, yeye anapima. Kama wewe ndiye muuzaji na umeandika kwenye posti "gramu 233", mteja ana haki ya kulalamika.

Ila hesabu hii ni ya anayenunua kwa gramu. Mkusanyaji ni mtu mwingine kabisa. Yeye anataka sura, mwaka na uadimu, na rupia mbili ya Mjerumani ya 1893 au 1894 hata ikiwa imelika kiasi usiipeleke kwa sonara ikayeyushwe, ni adimu kuliko rupia moja. Uliza kwa wakusanyaji kwanza. Na tafadhali, zile stori za rupia ya Mjerumani ya milioni mia inayovuta mchele au kuzima simu, mura, hizo ni za matapeli. Anayekuja na habari hiyo block.

Usisafishe kwa nguvu. Najua picha inatoka nzuri sarafu iking'aa, lakini ukisugua kwa majivu, mchanga, dawa ya meno au steelwire, unafanya kwa dakika tano kazi ya miaka ya kulika. Uzito unashuka, mikwaruzo inaonekana, mkusanyaji anakimbia. Tope lililoganda loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha kwa kitambaa laini kwa kugandamiza bila kusugua, ndipo upime. Ule weusi uache, una uzito mdogo sana na wakusanyaji wengine wanaupenda.

Kuhusu ilikotoka: zilizokuwa ndani ya nyumba za wazee hakuna neno, mradi mwenye mali ameridhia. Kwenda kuchimba kwenye maboma ya zamani, mfano kule Ikoma, ni habari nyingine. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na uchimbaji wa namna hiyo unataka leseni. Akija mtu na mzigo wenye udongo mbichi na hasemi ametoa wapi, mwache aende nao.

Posti yako iandike namna hii, badilisha namba tu:

"Rupia 1 ya Kijerumani, 1891, silva 917. Uzito wake sasa gramu 11.38 (uzito wa kiwandani 11.66), imepungua kwa kutumika. Tai wa kofia amefifia, herufi zote zinasomeka, meno ya pembeni yapo pande zote. Haina tundu, haijasuguliwa. Picha za mbele, nyuma, pembeni na ikiwa juu ya mizani. Kipimo cha maji 10.3. Unakaribishwa kuipima mwenyewe kabla hujalipa."

Picha ya juu ya mizani namba zisomeke, na mizani yenyewe ionekane yote, siyo kioo tu. Mteja akikuuliza mbona haijafika 11.66, mtumie picha ya tai wa kofia.